Benchi la Marehemu

Amisi wa Djibril, fundi wa mitumbwi hapa Rumonge, ana miaka hamsini na minne na shule yake iliishia mwaka wa nne wa primeri. Hilo analisema mwenyewe, tena kwa sauti, ili asipatikane wa kumsemea. Kwa hiyo siku binti mmoja mwenye miwani alipoingia kwenye ateliye yake na kumwomba amchongee samaki arobaini na nane wa mbao, ili watu wenye digrii zao wakae chini wawachezee, Amisi alijua anataniwa. Akaendelea kupiga randa.

Binti hakuwa na haraka. Alivuta kigogo akakaa, akajitambulisha kuwa anaitwa Irakoze, mtunza vitabu na kumbukumbu katika kituo kimoja cha utafiti wa ziwa. Akaeleza kwamba watafiti wanakuja hapa, wanapima samaki, wanapima joto la maji, wanaandika namba zao na kuondoka nazo. Mwenye namba akistaafu, au kompyuta yake ikiibiwa, au akafa, kazi ya miaka kumi inakwenda na maji, maana hakuna mwingine anayejua alichoandika. Na wako wanaozificha hata wakiwa wazima wa afya, mwenzao asije akaziona. Ukiwahubiria wanaitikia kwa kichwa, kesho wanarudia yaleyale. Sasa ameamua kuwafundisha kwa mchezo, wacheze mpaka wajionee wenyewe.

Amisi aliweka randa chini.

"Wasomi nao wanafichana?"

"Wanafichana sana, papa."

Alicheka mpaka akakohoa, na binti yake Shadia aliyekuwa ameshika ubao upande wa pili akacheka kumwona baba yake anacheka. Jamani, miaka yote hii Amisi alidhani ugonjwa ule ni wa mafundi peke yao. Akaikubali kazi palepale.

Ngoja nikueleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila huo hutaelewa kilichompata. Mafundi wa mitumbwi wa mwambao huu, kuanzia Magara mpaka huku kwetu, kila mmoja ana fimbo yake ya kupimia. Ni fimbo ya mti mgumu, yenye kimo cha mtu mfupi, imekatwa mikato ubavuni, na kila mkato una kazi yake. Huu ni kimo cha ubavu wa mtumbwi, huu ni upana wa katikati, huu ni kikalio cha mvuvi. Haina namba wala herufi. Anayejua ni mwenyewe, na siku ya kupima wote waliobaki wanatafutiwa safari. Amisi alipokuwa anajifunza kwa baba yake, Mzee Djibril, safari yake ilikuwa ndoo. Fimbo ikitoka ndani, unachukua ndoo unakwenda ziwani kuteka maji. Maji ya nini, hakuna aliyeuliza. Unaporudi unakuta mbao zimeshakatwa, na mzee anapangusa jasho kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na mzee yule alikuwa fundi, acha kabisa. Mtumbwi wa Djibril haukupinduka. Upepo ukivuma kutoka milima ya Congo, wengine wanakimbilia mwaloni kuegesha, wa kwake unakaa juu ya maji umetulia unavua. Watu walikuja kutoka Muhuta kumwagiza. Amisi kila alipomuuliza atamfundisha lini fimbo, alijibiwa asubiri akomae. Akasubiri, akaoa, akazaa, ndevu zikaanza mvi, bado anapewa ndoo. Hakukasirika, ndivyo kila fundi alivyolelewa.

Mzee Djibril alianguka Alhamisi moja kwenye uwanja wa msikiti, baada ya swala ya alasiri. Mdomo ulikataa kazi tangu hapo. Kwa siku mbili alikuwa amelala anamtazama mwanawe, anakunja ngumi ya mkono wa kulia, anaikunjua, anaikunja tena. Waliokuwepo walisema ni maumivu. Mama yake Amisi alikuwa akiushika ule mkono na kuukanda kwa mafuta ya mawese ya moto. Jumamosi wakamzika, na Amisi akarithi fimbo asiyoweza kuisoma.

Alijaribu, usimlaumu. Aliuhesabu kila mkato. Kutokana na mbao alizounganisha kwa miaka ishirini alikisia upi ni wa nini, na hakukosea hata mmoja. Hilo lilikuja kujulikana baadaye. Alijenga mtumbwi wa kwanza kwa vipimo vya fimbo. Ukawa mrefu mbavu, unayumba, upepo kidogo tu unausukuma. Aliyeununua aliurudisha baada ya wiki mbili. Wa pili ulipinduka mbele ya mwaloni, mchana, watu wakitazama. Wavuvi waliogelea wakatoka, lakini maneno hayakwisha. Watu walisema ufundi wa Djibril uko kaburini na Djibril. Amisi mwenyewe akawa anaamini hivyo.

Aliyebaki na imani ni Eliana. Huyu ni mwanamke anayekausha ndagala, dagaa wa ziwa hili, aliyezaliwa uhamishoni Tanzania na kurudi mtu mzima, na Kiswahili chake cha kule kilichonyooka mpaka leo kinawafanya watu wa mwaloni wajirekebishe wakizungumza naye. Eliana ndiye aliyekuwa na mtumbwi wa mwisho wa Mzee Djibril. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, mawimbi yaliuchukua yakaupigiza kwenye kuta za nyumba zilizozama mpaka ukawa vipande. Kilichookolewa ni ubao mmoja wa kikalio. Aliuwekea matofali huku na huku, ukawa benchi lake kando ya vichanja vya ndagala, na Amisi akipita kumsalimia hukaribishwa hapohapo.

Eliana alikuwa anataka mtumbwi uleule, na alimpa Amisi mpaka mwisho wa kiangazi. Alimwambia bila ukali kwamba ana wajukuu wanaovua na hawezi kuwaweka kwenye chombo kinachoyumba; ikifika mvua za kwanza hajaupata, atakwenda kwa fundi mwingine, na hatamsema vibaya kwa mtu yeyote. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomuuma Amisi. Eliana akiondoka, hapatabaki tena mtu atakayeulizia mtumbwi wa Djibril.

Siku ya formasyo, yaani mafunzo ya Irakoze, Amisi alikwenda kupeleka samaki wake. Alikuwa amewachonga mfano wa mikeke, samaki wa ziwa hili wenye mkia wa panda, amewapiga msasa mpaka wanateleza mkononi. Alipofika ukumbini akamkuta Irakoze ameshika simu na uso umemshuka. Udongo ulikuwa umeporomoka barabarani karibu na Magara, na mmoja wa watafiti alikuwa amekwama upande wa Kabezi. Meza moja ilikuwa na pengo. Irakoze akamtazama fundi. Amisi akatazama viatu vyake vyenye vumbi la mbao, akasema yeye si mtu wa mambo hayo. Aliwekewa kiti hata hivyo.

Mchezo ulikuwa hivi. Kila mchezaji anapewa sanduku la samaki wa mbao, anaambiwa wamevuliwa wapi na lini, anawapima, anaandika anavyotaka, anapanga anavyotaka. Halafu zinakuja kadi za msiba. Kadi moja inasema nyumba yako imeingiwa na maji, kama hukuweka nakala kwingine umeumia, na hapo watu wa Rumonge hawakucheka. Na kadi nzito kuliko zote inasema mwenye sanduku amefariki. Ukiipata hiyo unanyanyuka, unakwenda kukaa kwenye benchi ukutani. Wanaita benchi la marehemu. Hapo husemi, hukohoi kwa maana, hutikisi kichwa. Wenzako wanafungua sanduku lako na kujaribu kujibu maswali kwa ulichoacha. Wakijibu sawa, pointi ni zako wewe marehemu. Wakishindwa, umekufa na mali yako.

Wa kwanza kufa alikuwa Meshaki, mpima samaki kutoka Uvira, bwana mkubwa mwenye miaka ishirini ya kazi na majivuno ya arobaini. Wenzake walifungua sanduku lake wakakuta K2, nyota, na herufi M peke yake. M ni Magara au Muhuta? Ni mwezi? Ni Meshaki mwenyewe? Bwana mkubwa alikaa pale ukutani anatoka jasho, mdomo umefungwa, anaona kazi yake inavurugwa na watu wasio na nia mbaya. Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Amisi hakucheka. Alikuwa anamwangalia mtu yule macho.

Kisha kadi ya kufa ikamjia yeye.

Basi fundi wetu naye, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amewachanja samaki wake kwa ncha ya kisu. Mchanjo mmoja, miwili, mmoja wa kukata. Hakuandika hata neno. Alikaa kwenye benchi akawatazama walio hai wakiishika mikato yake, wakiigeuza, wakiisoma kinyume. Mtu mmoja alisema hii ni mikwaruzo tu ya msumeno. Amisi alijua jibu la kila swali. Jibu lilikuwa pale, limejaa mdomoni, na hakuwa na ruhusa ya kulitoa. Akagundua kwamba mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya goti, unajikunja na kujikunjua peke yake.

Aliuangalia mkono ule kwa muda mrefu.

Mezani ukazuka ugomvi. Samaki yuleyule mmoja, Meshaki, aliyekwisha kurudi mezani, alikuwa amempima akapata sentimita ishirini na nne, na walio hai wamempima wamepata ishirini na mbili. Kila mmoja anaapa kwa rula yake. Irakoze alimwinua samaki juu, akauliza kwa upole, "Kabla ya kugombana, mulianzia wapi, na mukaishia wapi?" Ikaonekana kwamba wote wameanzia mdomoni, lakini mmoja ameishia penye panda ya mkia na mwingine kwenye ncha. Namba zote mbili zilikuwa za kweli, na kwa kuwa hakuna aliyeandika amepimaje, zote mbili zilikuwa hazifai kitu.

Mulianzia wapi. Amisi aliyarudia maneno yale moyoni. Ile fimbo, mwisho wake wa chini, ina sehemu isiyo na mkato wowote, nyeusi, inang'aa kwa mafuta na jasho. Siku zote alidhani mzee alikuwa akiibebea hapo. Yeye alikuwa anapima kuanzia ncha. Nani alimwambia aanzie kwenye ncha?

Marehemu alinyanyuka kwenye benchi lake, akatoka mlangoni bila kuaga.

Alipitia nyumbani kuchukua fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye vichanja. Eliana alikuwa amekaa anachambua ndagala. Amisi, mtu wa adabu zake, hakusalimia; alimwomba tu asimame. Akapiga magoti kwenye mchanga. Kikalio cha mtumbwi hukatwa kikae kati ya mbavu mbili, kwa hiyo ncha zake zote mbili zilikuwa nzima kama mzee alivyoziacha. Alipima kwanza kwa njia yake, kuanzia ncha ya fimbo. Mkato wa kikalio ulipita mwisho wa ubao, ukazidi upana wa ngumi. Kisha akashika fimbo hapo penye weusi, akakunja ngumi kama alivyoona mkono ule ukikunjwa kwa siku mbili, akauegemeza ukingo wa ubao juu ya kidole gumba.

Mkato ukaangukia mwisho wa ubao. Haukuzidi, haukupungua.

Mzee alikuwa anaificha ngumi ndani ya kipimo. Hata ungeiba fimbo, ungeiba uongo. Na kila ubao alioukata Amisi tangu mzee azikwe ulizidi ngumi moja. Kwenye urefu wa mtumbwi ngumi moja haionekani, lakini kwenye kimo cha ubavu ni balaa. Baba yake alimwambia. Alikuwa anamwambia kwa siku mbili mfululizo, mbele ya watu, na wao wakampaka mafuta.

"Baba Shadia," Eliana alisema taratibu, "umeona nini?"

"Nimemuona muzee," alijibu, na machozi yakamtoka mbele ya wanawake wote wa vichanjani, hakujali.

Sasa ungedhani alikwenda kutangaza. Thubutu! Alikaa na siri ile wiki nzima, na ilikuwa tamu. Alipita mwaloni anawatazama mafundi wenzake, akijua anachojua. Alianza hata kutembea kama baba yake. Alimwambia Eliana aandae mbao, na mbao zikaja, na Shadia akazipanga kivulini. Shadia ana miaka ishirini na mitatu. Amemaliza shule ya sekondari, akakosa kazi ya ofisi, na kwa miaka minne amekuwa anashika mbao kwa baba yake vizuri kuliko mfanyakazi yeyote aliyewahi kumpata.

Siku ya kupima, Amisi aliingia ndani akatoka na fimbo. Shadia aliiona. Bila kuambiwa neno akachukua ndoo, akaelekea ziwani.

Ndoo ilikuwa imejaa. Aliimwaga kwanza mchangani, ndipo akaenda.

Amisi alisimama na fimbo yake mkononi, utamu wote umemtoka. Alimwona mtoto wake anavyotembea, bila kinyongo, kama yeye mwenyewe alivyotembea mpaka ndevu zikaota mvi. Akamwita kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua. Shadia aligeuka akidhani amekosa.

"Weka ndoo chini. Leta kaye na biki."

Waliandika kwenye daftari lile mpaka adhuhuri. Mkato wa kwanza kimo cha ubavu, wa pili upana wa mbele, na kuendelea, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba vipimo vyote vinaanzia juu ya ngumi. Shadia alikuwa anauliza, na Amisi anajibu, na mara tatu alitaka kuruka jambo kwa mazoea tu, akajirudi. Walipomaliza alikwenda kwa Eliana kumwazima benchi lake. Alilibeba mwenyewe, na matofali yake, akaliweka ukutani mwa ateliye. Akamwambia Shadia kwamba yeye tangu sasa amekufa. Mtumbwi wa Mama Eliana ajenge Shadia, kwa kaye. Yeye atakaa pale, hatasema, hatakohoa.

Shadia alidhani baba yake amechanganyikiwa. Alipoona hajibu, akashika fimbo.

Alishika penye weusi, akakunja ngumi, akaegemeza ubao wa ubavu juu ya kidole gumba, sawasawa na kaye. Akaweka alama. Akainua msumeno. Na Amisi kwenye benchi akaona. Ngumi ya Shadia ni ndogo! Waliandika ngumi, hawakuandika ya nani. Alijua jibu, limejaa mdomoni. Alikamata ukingo wa kile kikalio kwa mikono miwili, cha mtumbwi ambao haukupinduka, na alinyamaza. Kama alinyamaza kwa ushujaa au kwa sababu sauti ilikauka, hata mwenyewe hajui mpaka leo.

Meno ya msumeno yaligusa mbao. Shadia akasita. Aliutoa msumeno, akairudia fimbo, akaitazama ngumi yake, akautazama ule weusi. Weusi ulikuwa unazidi ngumi yake kwa vidole viwili. Kisha akamgeukia baba yake akitaka kuuliza, akaona uso ule, akakumbuka kwamba amekufa. Akachukua rula ya shule, akapima weusi wenyewe, kuanzia ncha mpaka pale mafuta yalipoishia, akafungua kaye, akaandika chini ya maneno ya mwanzo: ngumi ni ya babu, sentimita kumi na mbili.

Amisi anasema ameona mengi ziwani, ameona maji yakipanda yakameza nyumba za watu, lakini hajawahi kuona jambo lililomnyamazisha moyo kama mstari ule. Mtu aliyezikwa alikuwa amejibu swali, na aliyeulizwa hakufungua mdomo.

Mtumbwi uliingia majini wiki moja kabla ya mvua za kwanza. Wajukuu wa Eliana waliupeleka nje siku ambayo maji yalikuwa yamechafuka kwa upepo, mafundi wote wakiwa wamesimama mwaloni kutazama aibu. Upepo ulipiga ubavuni. Mtumbwi uliinama kidogo, ukarudi, ukakaa. Wazee wawili waliomjua Djibril walivua kofia. Wakamgeukia Amisi, wakamuuliza ameipataje siri ya mzee, na Amisi alijibu kwamba wamuulize fundi, akamwonyesha Shadia kwa kidevu.

Nakala moja ya kaye iko kwa Irakoze, kwenye rafu, ina namba yake, na yeyote anaweza kwenda kuisoma. Mafundi wawili wameshakwenda kimyakimya. Mmoja amemwita Amisi mjinga, halafu akarudi kuuliza tena kuhusu mkato wa tatu. Fimbo yenyewe inaning'inia kwenye ukuta wa nje, mstari mwekundu umechorwa penye mwisho wa ngumi.

Mbao za mtumbwi uliofuata zilipofika, Shadia alishusha fimbo ukutani na kuanza kupima, na watu watatu wamemzunguka. Ndoo ilikuwa tupu. Amisi akainuka kwenye benchi, akaichukua, akaenda kuteka maji.